Mji na Pindo

Ukuta wa uani kwetu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
umepakwa chokaa mara moja tangu nizaliwe.
Saa nne asubuhi, jua likishaupasha,
wanatoka.

Hawa si wa kutanda utando wakalala.
Wanatembea, wanasimama, wanajigeuza mzima kukutazama
kwa macho manane, mawili ya mbele kama taa za lori,
kisha nzi aliyekuwa kwenye ganda la chungwa
hayupo.

Miaka sita niliwaita jina moja.
Miaka sita niliwatia kwenye vichupa vya sindano
nilivyoomba zahanati ya Makorora,
spiriti hadi shingoni, kikaratasi ndani,
kwa penseli, maana wino hulewa:
Plexippus. Tanga. Ukutani.
Vichupa mia moja na arobaini.
Jina refu kuliko mnyama mwenyewe,
nami nililiandika kwa mwandiko wa kadi ya harusi.

Ndipo akashuka Shekiondo kutoka Amani,
lenzi yake imefungwa kwa kamba ya kiatu,
akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha.
Akainua cha pili. Akacheka kidogo, si kwa ubaya:
"Dada Mwanasha, humu umeozesha watu wasiojuana."

Alisema jenasi. Alisema taya, alisema safu ya macho.
Sikushika kitu
mpaka Mama alipopita na beseni la nguo
akaanika kanga zake mbili.

Basi tazama. Dume huyu
mji wake mweupe, pindo nyeusi;
mstari wa maziwa unashuka toka usoni hadi nyuma,
na karibu na mwisho, matone mawili,
kama aliyerashiwa marashi akakimbia.
Dume yule, geuza:
mji ndio mweusi, pindo ndizo nyeupe.
Kanga ileile? Kamuulize mwenye duka.

Na kwa ubavu, weka jicho sawa na ukuta.
Plexippus ana kimo, andazi lililoumuka.
Menemerus ni chapati,
mtu wa kupita chini ya mlango bila kubisha hodi.

Majike ndio walionitesa.
Huyu kahawia, yule kijivu mwenye milia myeusi kando,
lakini mwaka mmoja ndani ya spiriti
na wote ni chai iliyosahaulika mezani.
Hapo unamlaza chali, unatafuta kufuli ya uzazi,
kila kufuli na ufunguo wake,
na hata Shekiondo alinyamaza, akapumua kwa mdomo.
"Hiki sikijui," alisema. "Andika hivyo."
Nikaandika: Sijui. Tanga. Ukutani.

Nilipokuwa na miaka mitano, usiku wa Maulidi,
nilishika buibui
(vazi, si mnyama; lugha nayo ina vichupa ilivyochanganya)
nikafuata ule upindo mweusi hadi Barabara ya Kumi na Tisa
nikisimulia kashata njia nzima.
Mwanamke akageuka. Macho hayakuwa ya Mama.
Hakunikemea. Hakuuliza anaitwa nani,
wala amevaa nini, wote walivaa hilohilo.
"Mama yako anatembeaje?"
Nikamwonyesha: mguu wa kushoto, unaburura, kidogo tu.
Akanishika mkono
tukarudi tukitazama miguu.

Vichupa nimevigawa.
Sitini na tatu huku, hamsini na nane kule,
kumi na tisa vya Sijui, rafu ya chini, karibu na mchele.
Mama anasema hivyo ndivyo vyenye adabu.

Leo saa nne yupo mmoja juu ya chokaa.
Anatikisa vipapasi vyake viwili vyeupe
kama mtu anayekung'uta maji mikononi.
Kichupa ninacho. Kifuniko sijafungua.
Namngoja atembee.